Kilo Mbili na Robo

Mchana kutwa napima korosho za watu,
ghala la chama cha msingi, Tandahimba.
Gunia linapanda, mshale unacheza,
unacheza, unatulia, napaza sauti: Imesimama!
Karani anaandika. Mwenye mali ananikodolea macho
kana kwamba nimeficha punje zake mfukoni.

Usiku napima kingine, na mizani sina.

Dadi ana miaka saba na halali.
Usingizi humjia hadi kizingitini,
husimama hapo kidogo, kisha hugeuza.
Saa sita anahesabu migongo ya bati.
Saa nane anafungua komeo, anafunga komeo,
ka-cha, ka-cha,
hadi kuku wa jirani wanaguna.
Shuka ikimgusa begani analia
kama aliyemwagiwa uji wa moto.
Lakini hujipenyeza kati ya kabati na ukuta,
pale pembamba, pale panapobana,
na huko hunyamaza.

Sikuliona hilo. Somoe ndiye aliyeliona.
"Baba Dadi, mwanao hakimbii kuguswa.
Anakimbia kuguswa nusunusu."

Majirani walikuwa na yao.
Mmoja alileta kombe, mwingine hirizi,
wa tatu alileta lawama tupu, akanywa na chai yetu.
Daktari wa Ligula alitupa neno: usonji.
Tukarudi nalo kwenye basi,
jepesi mdomoni, zito mapajani.

Kisha siku ya mnada, mwezi wa kumi na moja,
nikaenda naye ghalani, mama yake anaumwa.
Vumbi, mayowe, wanunuzi na simu zao.
Nikageuka, hayupo.
Nilimkuta nyuma ya lundo, chali,
magunia matupu amejivutia juu yake, sita au saba,
uso nje, kifua kinapanda na kushuka taratibu.
Saa saba mchana. Amelala.
Nikasimama pale, mimi mpima wa wote,
mikono sijui niiweke wapi.

Fundi Chitopela alicheka:
blanketi zito, na joto hili?
Hata hivyo akakata vitenge viwili vya Somoe,
akashona vijumba vijumba kama sega la nyuki,
kila kijumba na konzi yake ya choroko.
Ligula walishatuonya: lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wake,
uso usifunikwe, aweze kulitupa mwenyewe akichoka.
Nikalipandisha kwenye mizani ya chama
mbele ya wakulima wenye stakabadhi mikononi.
Kilo mbili na robo. Imesimama!
Hakuna aliyecheka.
Mmoja aliuliza bei.

Wiki ya tatu choroko zikaingia fukusi.
Dadi aliwasikia kabla yetu, wakitafuna gizani,
akalikataa blanketi siku nne.
Tukafumua, tukajaza mchanga ulioshwa na kuanikwa,
na Somoe akanihesabia ndoo moja moja,
maji ya kununua, juu ya mlima huu,
nafulia mchanga!

Sisemi amepona. Hakuwa mgonjwa.
Zipo siku analisukumia uvunguni
na tunakesha wote watatu kama walinzi wa benki.
Zipo siku analala saa nne mfululizo,
na mimi, kwa mazoea, nakodoa macho
nikisubiri komeo.

Jana alijifunika mwenyewe,
akalisawazisha pindo kwa pindo,
akaacha kidole kimoja cha mguu nje.
Sita. Saba. Nane.
Nikasinzia, nadhani.
Saa kumi kasoro, ka-cha.
Nikafumbua macho: amesimama kitandani kwetu,
blanketi begani kama kuli,
akalitua juu ya miguu yangu, pu,
akalitazama hadi mchanga ukaacha kuteleza,
kisha akasema, kwa sauti yangu ya ghalani,
"Imesimama."

Somoe akasogea ukutani
bila kufumbua macho.